Kivuko kilichozamishwa kwa makusudi katika Ziwa Ontario, na kwa nini sitaki tuzamishe meli katika Ziwa Kivu

Mzamiaji_wa_Himbi (Goma), mwanzisha uzi

Wanajukwaa, nawasalimu kutoka Himbi. Juma lililopita, katika uzi uliohusu bandari, kijana mmoja alipendekeza kwamba boti kuukuu zinazooza ufukoni mwetu zivutwe mpaka kwenye kina, zitobolewe na kuzamishwa, ili samaki wapate nyumba na watalii wapate la kutazama, kama inavyofanywa ng'ambo. Watu walimcheka. Mimi sikumcheka, kwa sababu nimewahi kuigusa kwa mkono wangu meli iliyozamishwa kwa nia hiyohiyo, ndani ya maji ya baridi ambayo nikiyakumbuka hata leo vidole vinaniuma, nami nikaahidi kueleza kwa urefu. Anayetaka maneno mafupi nampa pole mapema.

Nilisoma miaka minne Kingston, mji wa Kanada ulio pale ambapo Ziwa Ontario linamwaga maji yake katika mto Saint-Laurent. Mbele ya mji kuna kisiwa kiitwacho Wolfe, na wakazi wake huvuka kwenda na kurudi kama watu wa Idjwi wanavyovuka kwa boti, ila wao huvuka pamoja na magari yao. Kivuko cha zamani, Wolfe Islander II, kilichojengwa katika miaka ya 1940, kilifanya kazi hiyo mpaka mrithi wake alipokuja mwaka 1976. Mwezi wa 9 mwaka 1985 kikazamishwa kwa makusudi karibu na kisiwa hicho, ili wapiga mbizi wapate mahali pa kwenda. Kimekaa wima juu ya tope, kwenye kina cha takriban mita 25.

Mimi sikuwa mtu wa maji. Nimekulia hatua chache kutoka ziwani, lakini marehemu mama alitukataza kuingia zaidi ya magoti, na alikuwa na fimbo ya kulitilia mkazo neno lake. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka 26, katika bwawa la chuo, pamoja na watoto wa Kizungu walionizidi kila kitu isipokuwa umri. Kabla ya kupewa chupa ya hewa, kila mwanafunzi alitakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10 bila kushika kitu. Kuelea ndiko kulikonitesa zaidi, kwa sababu mwili unaoogopa hujikaza, na mwili uliojikaza huzama.

Siku tuliyoshuka ilikuwa ya mwezi wa 7. Jua lilikuwa kali na maji ya juu yalikuwa na nyuzi 21, karibu kama ya kwetu, hata nikalalamika nilipovalishwa vazi kavu. Vazi la mpira la kawaida huacha maji yaingie kidogo, nayo yakapashwa joto na mwili. Vazi kavu halipitishi maji kabisa, hubana shingoni na mikononi, na ndani yake unavaa nguo nzito kama mtu anayelala nje mlimani. Hewa iliyomo ndani ndiyo blanketi lako. Unaposhuka, maji huibana hewa hiyo mpaka vazi linakufinya ngozi, nawe unaongeza hewa kidogo kwa kitufe cha kifuani; unapopanda hewa hupanuka, na usipoitoa kwa wakati, hasa ikikimbilia miguuni, utapaa kichwa kikiwa chini, kama boya lililokatika kamba.

Tulishuka tukifuata kamba. Kwenye mita 16 au 17 hivi, bila onyo lolote, niliingia katika maji mengine. Nasema maji mengine kwa sababu mpaka wake huonekana kwa macho: hutetemeka kama hewa iliyo juu ya jiko la makaa. Kipimo cha mkononi kilishuka kutoka nyuzi 19 hadi 7, na midomo, sehemu pekee iliyokuwa wazi, ikafa ganzi. Sababu yake ni kwamba maji matamu huwa mazito zaidi yakifika nyuzi 4, kwa hiyo ya baridi hulala chini majira yote ya joto, na yale ya vuguvugu huelea juu yake bila kuchanganyika. Baridi hiyo hutesa hata vyombo. Hewa ikitoka kwenye mgandamizo mkubwa wa chupa hupoa ghafla, na katika maji ya namna ile barafu huweza kuganda ndani ya kipumulio na kukizuia kisifunge, hewa ikamwagika mfululizo mpaka chupa inaisha. Ndiyo maana huko hutumia vipumulio vilivyozibwa maji yasiguse sehemu za ndani, na kila mtu hubeba cha akiba.

Kisha nikaona weusi, na ndani ya weusi mstari ulionyooka. Na kitu kilichonyooka chini ya ziwa ni kazi ya binadamu. Ulikuwa ukingo wa sitaha ya magari. Nilielea juu yake polepole, mahali ambapo lori na wapanda baiskeli walikuwa wakisubiri kufika ng'ambo, na sikuona chuma hata kidogo, kwa kuwa kila mahali palikuwa pamevaa kome. Ni kome wadogo wenye milia kama ya punda milia, pamoja na jamaa zao waitwao kwaga, walioingia Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini miaka ya 1980 ndani ya maji ambayo meli za mbali hubeba tumboni ili zisiyumbe. Hakuna aliyewaalika. Huchuja maji usiku na mchana, hata maji yamekuwa maangavu, na mpiga mbizi hufurahi kuona mbali bila kufikiri kwamba uangavu ule ni chakula cha viumbe wengine kilichokwisha kuliwa. Samaki niliowaona walikuwa gobi wadogo, nao pia ni wageni, na besi watatu au wanne waliojibanza kivulini.

Nasimulia hivyo ili mjue kwamba picha za bustani chini ya maji si ahadi. Meli ni ukuta mtupu. Atakayehamia kwenye ukuta huo huamuliwa na maji yenyewe.

Kijana_Birere (Goma)

Kaka, mimi ndiye niliyetoa lile pendekezo, na nashukuru kwamba hukunicheka. Hata hivyo nina maswali mawili. La kwanza, ikiwa maji ya baridi yana mateso yote hayo na mwishowe unakuta kome na gobi, mbona watu hulipa fedha nyingi kwenda huko? La pili, kuzamisha chombo kuna ugumu gani? Sisi hapa vyombo hujizamia vyenyewe.

Mzamiaji_wa_Himbi

Mdogo wangu, maswali yako ni mazuri, ingawa sentensi yako ya mwisho imenichoma kidogo.

Kuhusu la kwanza, nilikueleza ziwa. Bahari ya baridi ni habari nyingine. Mwaka wangu wa mwisho nilikwenda Nanaimo, upande wa magharibi wa Kanada, ambako manowari HMCS Saskatchewan ilizamishwa mwezi wa 6 mwaka 1997. Ina urefu wa zaidi ya mita 110, nayo imesimama wima kwenye kina kinachofika karibu mita 40. Maji yalikuwa na nyuzi 8, ya kijani kama chai ya majani mabichi, na uchafu ule wa kijani ndio utajiri wenyewe. Maji ya baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya moto, na mikondo ya ghuba ile huyakoroga ikiinua rutuba kutoka chini, kwa hiyo vijimea na vijidudu huzaliana bila kipimo, na kila kinachoning'inia mahali penye mkondo hulishwa bila kutoka nyumbani kwake. Mlingoti, kingo na mabomba yalikuwa yamefunikwa na anemoni weupe wenye vichwa vya manyoya, warefu kama mkono wangu, mamia kwa mamia, hata ile meli ya vita ikawa kama imeangukiwa na theluji. Chini yao kulikuwa na viti vya pwani vya rangi ya chungwa, majongoo wa bahari, samaki wenye miiba waliosimama hewani bila kutikisika, na dume moja la samaki aitwaye lingikodi, refu kama mtoto wa miaka saba, lililokataa kutupisha. Tuliambiwa baadaye kwamba madume ya samaki hao ndiyo yanayolinda mayai. Katika maji ya joto matumbawe hujenga mwamba wao wenyewe kwa miaka mingi. Katika maji yale ya baridi hakuna matumbawe ya namna hiyo, na viumbe wengi hutafuta tu kitu kigumu cha kushikamana nacho. Meli hujibu haja hiyo mara moja.

Kuhusu la pili, ugumu hauko katika kuzamisha. Uko katika kuandaa, na maandalizi huchukua miezi mingi. Mafuta yote hunyonywa kwenye matangi na kwenye mabomba, asbesto hutolewa, nyaya za umeme huvutwa kwa sababu baadhi ya mipira yake ina sumu ya PCB isiyooza, na rangi inayobanduka hukwanguliwa. Milango hung'olewa isije ikajifunga nyuma ya mtu. Kila chumba hutobolewa upande hata upande, ili mpiga mbizi aliye ndani aone mwanga wa nje popote atakapogeuka. Mwisho baruti ndogo hupangwa chini ya mstari wa maji, kwa hesabu, ili maji yaingie pande zote sawasawa na meli ishuke ikiwa wima.

Na bado hesabu hukosea. Manowari nyingine ya Kanada, Yukon, ilipelekwa San Diego ikiwa imekwisha kutobolewa. Mwezi wa 7 mwaka 2000 mawimbi yakaingia kwenye matundu yaleyale yaliyokusudiwa usalama, ikazama kabla ya wakati uliopangwa na kulala ubavu. Tangu hapo sakafu zake zimekuwa kuta na kuta zake zimekuwa dari, na mtu anayeingia hupotewa na juu na chini. Uingereza nayo ilizamisha Scylla karibu na Plymouth tarehe 27 mwezi wa 3 mwaka 2004, manowari ya kwanza ya Ulaya kuzamishwa ili iwe mwamba bandia. Iliandaliwa vizuri na ikakaa wima. Lakini bahari huendelea kuingiza tope, tope hujaa vyumbani, na pigo moja la mguu hulitimua mpaka huoni hata mkono wako ulio usoni. Wapiga mbizi wamekufa ndani yake.

Mimi sikuingia ndani ya Saskatchewan. Kuingia kunataka uzi unaoufungua nyuma yako ili uurudie, taa tatu, na hewa iliyogawanywa mafungu matatu: moja la kwenda, moja la kurudi, na la tatu la siku ambayo mambo yameharibika. Nilichungulia dirishani kama mtoto anayechungulia harusi, nikaridhika.

Fundi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Ndugu yangu wa Himbi, mimi ni mchomeleaji wa vyuma kwa miaka 31, na nimeyasoma maelezo yako ya kuandaa meli mara mbili. Nakubaliana nawe, na naongeza kwamba chombo kilichokufa ufukoni ni hatari kuliko kile kilichostaafishwa kwa mpango, kwa sababu hakuna aliyeyaandika mafuta yaliyobaki ndani yake.

Lakini watu wetu wasidhani kwamba chuma kikiingia ziwani huyeyuka kama chumvi. Maji ya bahari hukila haraka kwa sababu ya chumvi yake. Maji matamu hukila kwa kusitasita. Ushahidi tunao hapahapa kwetu. Wajerumani walipokuwa wakikimbia Kigoma mwezi wa 7 mwaka 1916 waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, na mafundi wake wakaipaka mitambo grisi nyingi kabla ya kuiacha iende chini. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina ambalo wazee wa Kalemie na Kigoma hawahitaji kuelezwa. Kuna meli chache duniani zilizozikwa mara mbili zikaendelea kubeba abiria. Na sisi wa Lubumbashi tuna kipande chetu katika vita ile ya ziwani: boti mbili za Waingereza, Mimi na Toutou, zilipita hapa mwaka 1915 juu ya mabehewa zikitoka Cape Town, zikateremshwa Fungurume na kuvutwa kupita milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Mwezi wa 2 mwaka 1916 Mimi, pamoja na Fifi, boti iliyotekwa kwa Wajerumani, zikaizamisha Hedwig von Wissmann ya Wajerumani.

Swali langu ni hili: je, mbao nazo huishi chini ya maji ya baridi? Babu yangu alikuwa akisema mtumbwi uliozamishwa haupasuki.

Mzamiaji_wa_Himbi

Mzee Fundi, babu yako alisema kweli. Katika Maziwa Makuu ya huko kuna merikebu za mbao za karne ya 19 ambazo milingoti yake ingali imesimama, kwa sababu baridi huchelewesha kuoza na yule mdudu wa baharini anayetoboa mbao haishi katika maji matamu. Sheria ya Ontario inakataza kuchukua kitu chochote humo, hata msumari, na mashua za wageni hufungwa kwenye maboya yaliyowekwa na wapiga mbizi wenyewe, kwa kuwa nanga moja ikiburutwa huvunja kilichodumu miaka 150. Uadui mpya ni wale kome, ambao uzito wao huzielemea mbao.

Mama_wa_Kituku (Goma)

Wanangu, nimesoma yote kimya na sasa naomba niseme. Mimi nauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024 nilikuwa nimesimama pale bandarini Kituku, na boti ya abiria MV Merdi ikitoka Minova ilipinduka tukiitazama, ikiwa karibu kufika. Wako watu wangu ambao hawakurudi. Sasa ninyi mnaandika kwamba meli iliyozama ni bustani, kwamba ni mahali pa kwenda kutalii na kuchungulia dirishani. Sisemi mna nia mbaya. Nasema tu kwamba hapa kwetu, neno hilo likitajwa, kuna mama anayeacha kula.

Mzamiaji_wa_Himbi

Mama yangu, shikamoo, na pole. Nimelisoma neno lako asubuhi, na nimekaa nalo mpaka sasa ni jioni. Ningelipaswa kuanza uzi huu kwa kulitaja jambo hilo, na sikufanya hivyo, naomba radhi.

Naomba niseme kitu kimoja tu, si kwa kujitetea. Wenye kazi hii hutenganisha kabisa meli iliyozama na watu na meli iliyozamishwa ikiwa tupu. Uingereza ina sheria ya mwaka 1986 inayozilinda manowari zilizozama na wanajeshi wake. Zilizo chini ya ulinzi mkali hazikaribiwi bila kibali, na nyingine mpiga mbizi hutazama bila kugusa wala kuingia, kwa sababu ni makaburi. Hata mahali ambapo hakuna sheria, nilifundishwa kwamba panapolala watu hapapigwi picha za kujionyesha. Kile kivuko cha Kingston hakikuzama na mtu hata mmoja. Kilivuliwa kila kitu, kikavutwa mahali pake mchana, na watu wakakiaga. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyothubutu kukifurahia. Kilicho chini ya maji ya Kituku ni cha wenye msiba, na sitakihesabu kamwe miongoni mwa vitu ninavyovizungumzia hapa.

Mwalimu_Ibanda (Bukavu)

Baada ya maneno ya Mama sikutaka kuandika, lakini kijana alitoa pendekezo kuhusu ziwa halisi, na ni wajibu wa mwalimu wa fizikia kusema kwa nini halifai, hata kama moyo ungelikubali.

Ndugu wa Himbi alieleza kwamba katika Ziwa Ontario ukishuka unakutana na baridi. Katika Kivu, ukishuka vya kutosha, joto huanza kupanda tena. Ziwa letu lina kina cha mita 485, na maji yake ya chini hulishwa na chemchemi za moto zenye chumvi na gesi. Chumvi na hewa ya ukaa iliyoyeyuka huyafanya yawe mazito kiasi cha kubaki chini ijapokuwa yana joto zaidi. Kwa kuwa hayapandi juu, hayapati hewa. Oksijeni huishia kwenye mita 60 hivi katika kiangazi, upepo unapolikoroga ziwa, na katika majira mengine huishia juu zaidi. Katika ghuba ya Kabuno ni mbaya kuliko hapo, kwa sababu kwenye mita 11 hivi tayari unaingia katika maji yasiyo na uhai wa samaki. Meli iliyozamishwa Kabuno kwenye kina cha kile kivuko cha Kingston ingekuwa nyumba isiyo na mpangaji hata mmoja, milele.

Jambo la pili ni mwinuko. Kingston iko kwenye mita 75 hivi juu ya usawa wa bahari. Sisi tuko kwenye mita 1,460, ambako hewa hutukandamiza kwa asilimia 85 tu ya nguvu ya pwani. Mtu anayepanda kutoka mita 25 baharini hupunguziwa mgandamizo mara tatu na nusu. Akipanda kutoka kina hichohicho katika Kivu hupunguziwa karibu mara nne. Naitrojeni iliyoingia katika damu yake hutoka kwa fujo zaidi, kama chupa ya bia ya Primus iliyotikiswa, na ndiyo asili ya ugonjwa wa wapiga mbizi unaopooza viungo. Majedwali ya pwani hayamfai; mita 25 za huku huhesabiwa kama mita 29 za kule. Na akitoka majini asipande gari kwenda Masisi milimani siku hiyohiyo, kwa sababu huko hewa ni nyepesi zaidi.

Mazuku sitayaeleza, kwa kuwa msomaji wa Goma anajua kwamba hewa ya ukaa hulala kwenye mabonde na vijighuba vya ufukoni. Mtu mwenye chupa mgongoni asidhani kwamba hatari huanzia chini ya maji.

Kijana_Birere (Goma)

Mama, nisamehe, sikuwa nimefikiri. Mwalimu, nimekuelewa kuhusu kina. Je, tukibaki kwenye mita 10 au 15, tukaweka magari mabovu na matairi ambayo yamejaa mjini, sambaza hawataongezeka? Wavuvi wanalia kila siku.

Mzamiaji_wa_Himbi

Matairi yalijaribiwa, mdogo wangu. Karibu na Fort Lauderdale, jimbo la Florida, miaka ya 1970 walitupa baharini takriban matairi milioni mbili yakiwa yamefungwa mafungu mafungu, kwa sababu hiyohiyo unayoitaja, na watu wakapiga makofi ufukoni. Vifungo vilikatika. Matairi yakaanza kuvingirishwa na dhoruba, yakigonga matumbawe ya asili yaliyokuwa hai jirani, na hakuna cha maana kilichoota juu yake. Miaka mingi baadaye wanajeshi wapiga mbizi walikuwa wakiyaokota moja moja. Gari bovu nalo ni mafuta, betri na plastiki.

Kuhusu sambaza, tumtazame samaki mwenyewe. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, naye ni samaki wa maji ya wazi. Hufuata vijidudu vinavyoelea, usiku hupanda, na ndiyo maana wavuvi wetu huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti mirefu na kumwita kwa taa. Hana haja na ukuta. Hata kwa samaki wapendao kuta, wataalamu wangali wanabishana kama meli huzalisha samaki au huwakusanya tu waliokuwa wametawanyika. Ikiwa huwakusanya tu, basi umemwonyesha mvuvi mahali pa kuwamaliza upesi. Huko ng'ambo sehemu nyingine hufungwa kwa uvuvi kwa hofu hiyo. Fikiri kama sisi tungeweza kuifunga, na nani angelilinda boya usiku.

Tena kuna jambo ambalo sikulijua mpaka niliporudi nyumbani na miwani yangu ya kuzamia. Kuta tunazo. Lava ya Nyiragongo ya mwezi wa 1 mwaka 2002 ilipita katikati ya mji wetu ikaingia ziwani, na kabla yake zilikwisha kuingia nyingine nyingi ambazo hakuna aliyeziandika. Nimeogelea kando ya mawe hayo, bila chupa, kwenye mita tatu au nne tu, asubuhi kabla ya upepo. Ni meusi, yana mashimo, mapango na vibaraza kuliko manowari yoyote, na hayana rangi yenye risasi wala tone la mazuti. Humo huishi samaki wadogo wa miambani ambao aina zao nyingi hazipatikani ziwa lingine lolote duniani. Nilimwona mmoja ambaye mashavu yake yalikuwa yamevimba. Jike hubeba mayai kinywani, na hata vitoto vikiisha kuanguliwa hukimbilia humohumo hatari inapokuja. Kule Kingston walilazimika kuzamisha kivuko ili wapate mahali pa kwenda kutazama kome. Sisi tunasimama juu ya mwamba tukitupa chupa za plastiki juu yake.

Nitaje pia gharama, kisha nimalize. Vazi kavu moja, kipumulio cha maji ya baridi na kipimo cha mkononi vilinigharimu akiba ya kazi ya jikoni ya miezi kumi na nne, nami niliviuza vyote kabla ya kupanda ndege, isipokuwa miwani. Kivu haihitaji vazi kavu. Ila mtu akiumwa ule ugonjwa aliousema Mwalimu, dawa yake ni chumba cha chuma kinachorudishia mwili mgandamizo, nami Goma sijakiona. Kwa hiyo sishuki na chupa hapa, na simshauri mtu ashuke.

Fundi_wa_Katuba (Lubumbashi)

Nimeelewa. Zile boti zenu za ufukoni zikateni mziuze vyuma vizee, nitawatafutia bei.

Mama_wa_Kituku (Goma)

Mwanangu wa Himbi, radhi yako nimeipokea. Nilirudi kusoma pale mwanzo, uliposema kwamba mlitakiwa kuelea dakika kumi kabla ya kupewa chochote. Hapa kuna vijana wanaotoka kila usiku na taa, na wengi wao hawawezi kuelea hata dakika moja. Wa kwangu ni mmoja wao, ana miaka 17. Jambo hilo la kuelea, linataka vyombo vya Kizungu, au linafundishika hivihivi?

Mzamiaji_wa_Himbi

Linafundishika hivihivi, Mama, kwenye maji yanayofika kifuani. Jumamosi saa moja asubuhi, kabla ya upepo, nitakuja Kituku. Aje na kaptula, asije ameshiba, na kama ana wenzake aje nao. Tutaanza na kulala chali. Nitawashika kichwa mimi mwenyewe.